Koti la Soledad

Kodiak, Alaska

Soledad, mrembo wangu wa kwenye simu,

Mimi mzima, kasoro meno. Ubalozi wa Marekani kule Manila bado haujakupangia siku ya mahojiano ya viza. Kila asubuhi namwuliza mpwa wangu Nilda, "Wameandika?" Jana kanijibu, "Mjomba, acha pupa. Bwana harusi gani huyu anayetembelea mkongojo?"

Krismasi nilikataa kukujazia lile boksi la zawadi tunalopeleka nyumbani kila mwaka. Nilisema sabuni na kahawa utazikuta hapa, kwenye kabati lako. Ukaninunia, nami nikacheka.

Sasa moyo wangu umechoka, daktari hafichi. Mwanasheria naye kasema, kwa kuwa mimi si raia, ni mkazi tu, nikifa ombi letu la viza linakufa nami. Nimewasihi watu wa ubalozi waharakishe. Kimya.

Basi jana nimelijaza boksi. Sabuni, kahawa, na juu kabisa lile koti zito nililokununulia kwa ajili ya theluji ya hapa. Najua huko kwenu Iloilo ni joto. Livae hivyo hivyo, majirani wakucheke, kisha unitumie picha. Upesi, mke wangu.

Mumeo mkaidi,
Doming