Ndege wa Mama Mdogo

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam
14 Machi 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nianze na afya, maana najua ndiyo utakayoitafuta kwanza: ninakula, ninalala, na kile kikohozi kimeniacha. Mgongo wako unasemaje? Mama mdogo Tereza hajambo?

Nimepata kazi, Mama. Ni duka la mabango na maandishi ya kubandika kwenye magari. Zamani walichora kwa brashi, lakini sasa tajiri amenunua kompyuta na mashine ya kukata. Unaiingiza picha kwenye kompyuta, unafuatisha mistari yake, kisha mashine inashusha kikisu chembamba kama sindano na kuikata karatasi yenyewe. Ukitaka moja, moja. Ukitaka mia, mia. Mimi ndiye niliyefundishwa kuiendesha.

Uliniandikia kwamba duka la vitabu la parokia limewaagiza kadi mia tatu za jubilei, na mkasi wa mama mdogo hauwezi kuzifikisha kwa wakati. Nitumieni picha zake za karatasi alizokata. Tajiri ameniruhusu kuitumia mashine Jumamosi mchana, duka likifungwa. Nyie kazi yenu itakuwa kuzibandika kwenye kadi tu.

Mwanao,
Osward

*

Mkuyuni, Mwanza
2 Aprili 1998

Mwanangu Osward,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, ila unaniruhusu kufika sokoni, basi namshukuru Mungu. Mvua zimeangusha ukuta wa jirani. Sisi tuko salama.

Nimemweleza mdogo wangu habari ya mashine. Unajua ilivyo kazi kumweleza mtu asiyesikia tangu kuzaliwa kitu ambacho hata mimi sijakiona. Nilimwonyesha kisu kinachotembea peke yake. Akaniuliza kwa mikono: nani amekishika? Nikamjibu, Osward. Hapo akakubali.

Amekaa barazani siku mbili. Hakuchora hata mstari, mkasi uliingia tu kwenye karatasi kama kawaida yake. Anakutumia kumi na moja: wapo samaki sato, yupo mama anayemenya ndizi, na yupo mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, aliyetandaza mabawa juu ya jiwe akijikausha. Nimewabana ndani ya kitabu cha nyimbo wasijikunje. Antoni, yule anayefanya kazi kwenye treni, atakukabidhi mkononi.

Mama yako,
Leonsia

*

Mkuyuni
19 Julai 1998

Mwanangu,

Tumeamka salama, na nyumba hii ina furaha ambayo ningependa uione mwenyewe. Boksi lilifika. Kadi zote mia tatu tulizibandika na kuzipeleka kabla ya jubilei, na sista alituita mbele ya akina mama wote akatusifu.

Tereza alimchukua mnandi mmoja wa mashine akamlaza juu ya yule wake uliyemrudisha. Wakalingana kila mahali. Hata pale mkasi ulipomteleza kwenye bawa la kushoto, mashine nayo imeteleza pale pale! Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kuwapanga sakafuni mmoja mmoja, akimtafuta aliye tofauti. Alitafuta sana. Unamjua, hajawahi kukata ndege wawili wanaofanana. Mwisho akaniuliza: mbona hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo?

Lakini anakushukuru, anasema una mikono mizuri.

Mama yako,
Leonsia

*

Gerezani
27 Septemba 1998

Mama,

Shikamoo. Mwili wangu hauna tatizo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Tajiri alifungua kompyuta akazikuta picha za mama mdogo. Akazipenda. Nikafurahi, nikamweleza zilikotoka, nikamsifia fundi wetu. Wiki iliyopita akaja mfanyabiashara wa kadi, na tajiri akamwekea picha zote kumi na moja kwenye disketi. Nikamwambia, "Mzee, hizo ni za mama yangu mdogo." Akasema, "Kilichomo kwenye kompyuta yangu ni changu. Huyo mama ana karatasi gani inayosema ni zake?"

Mama, ningesema nini? Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja jirani na duka. Aliniuliza swali lile lile, neno kwa neno.

Mimi ndiye niliyeziingiza mle. Usimwambie mama mdogo bado.

Mwanao,
Osward

*

Mkuyuni
22 Novemba 1998

Osward mwanangu,

Marahaba. Wazima tupo, ila usiniulize zaidi ya hapo.

Kadi za huyo mfanyabiashara zilifika Mwanza kabla ya barua yako, iliyochelewa njiani. Ziko kwenye maduka ya vifaa vya shule, zimefungwa kwenye nailoni, nyuma zina jina tusilolijua. Jumatatu tulipeleka kadi zetu za Noeli dukani parokiani. Paskazia, binti aliyeanza kuuza pale juzijuzi, alizitazama akasema, "Mama Osward, hizi mmeiga. Zenyewe za kiwandani tunazo tayari, na ni safi zaidi."

Nikamwambia, "Binti yangu, mwenye ndege huyu ndiye huyu aliyesimama mbele yako."

Akatabasamu kama anayemwonea mtu huruma. Tereza hasikii, lakini nyuso anazisoma. Alitoa mkasi kwenye kikapu, akachukua karatasi ya kufungia vitabu iliyokuwa kwenye kaunta, akamkata mnandi pale pale, watu wamemzunguka. Walipiga makofi. Paskazia akamlinganisha na ile kadi ya nailoni, kisha akasema, "Kweli anaiga vizuri. Ila bawa amelikosea."

Sikumtafsiria. Yeye aliiona ile mikono inapiga makofi akadhani tumeshinda. Akaanza kuzitoa kadi zetu kikapuni na kuzipanga kwenye kaunta, moja moja, akizinyoosha. Ilibidi nimshike mkono.

Nilimweleza yote njiani. Tangu siku hiyo hajashika mkasi. Mwombe tajiri wako azifute hizo picha.

Mama yako,
Leonsia

*

Gerezani
13 Desemba 1998

Mama,

Shikamoo. Naogopa hata kuuliza hali zenu.

Sikumwomba. Nilizifuta mwenyewe, zote kumi na moja. Asubuhi yake tajiri alitoa disketi nyingine mfukoni, akazirudisha kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Hakunifukuza wala hakugomba. Aliniambia, "Haya, kata. Oda ya Nairobi inasubiri."

Nikakata. Mama, mkono unaobonyeza ni wangu. Nimetafuta kazi kwingine miezi miwili, sijapata, na mke wangu ni mjamzito. Kila siku namwona yule mnandi akitoka kwenye mashine, na kila mara kisu kikifika kwenye bawa la kushoto mimi natazama pembeni.

Mwambie mama mdogo nimemkosea. Mwambie naomba samahani. Mwambie kama unavyoweza.

Mwanao,
Osward

*

Mkuyuni
7 Februari 1999

Mwanangu Osward,

Marahaba, baba. Mungu amlinde mkeo na alichokibeba.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nahangaika na salamu zako. Mdogo wangu sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, anatoa minofu ya sangara. Walimpokea siku ile ile aliyokwenda kuomba, maana mkono wake ni mwepesi. Msimamizi anapima kila mnofu, unatakiwa uwe sawa na mwenzake. Anarudi vidole vimevimba kwa barafu, anakula, anakaa.

Nilimketisha nimweleze kwamba unaomba samahani. Mambo mengi tunaelewana, lakini neno hilo lilinishinda. Katika maisha yetu yote mimi na yeye hatujawahi kuambiana. Tulikuwa tukikasirikiana, kesho yake tunapika pamoja, yameisha. Nikapiga kifua, nikainamisha kichwa, nikafanya machozi, nikaonyesha picha yako ukutani. Alinitazama, akaanza kulia kweli kweli. Akaenda chumbani akafunga nguo zake kwenye kanga, akasimama mlangoni akinionyesha upande wa stesheni.

Alielewa kwamba wewe ni mgonjwa, na unakufa.

Nimejaribu mara tatu kumrekebisha, na kila nikianza anazidi kulia. Basi nikaacha. Nikamwambia umepata nafuu kidogo, asisafiri. Barua siwezi kumsomea, na maneno yako yanayomhusu hayana njia ya kumfikia isipokuwa uje wewe mwenyewe usimame mbele yake, nami najua huwezi kuja.

Kila akirudi kutoka kiwandani, kabla hata hajanawa, ananiuliza kama umepona.

Mama yako,
Leonsia