Aliyekuwa Naye Mwisho

Jumanne, 14 Juni 1994

Maji kwenye ndoo yameganda juu. Nimeyavunja kwa kata, nikanawa. Tangu asubuhi nimepasua mbao na Mgaya, mimi juu ya gogo, yeye chini shimoni. Nimepita sitini na msumeno wangu bado unakwenda mstari. Vijana wa hapa Kifanya wanaushika kama mkia wa nyoka. Mgaya kalalamika unga wa mbao unamwingia machoni. Nikamwambia afumbe. Kasema, "Baba Festo, nikifumba nitakukata mguu." Nikamwambia meno ya msumeno yatakatika kwanza.

Festo kaondoka na lori la viazi. Ni utingo wa Mzee Salimu, dereva wa Makambako. Watalala Makambako, kisha Dar.

Nimeandika. Tulipomaliza kisomo cha watu wazima mwalimu alisema asiyeandika atasahau. Wenzangu wote wamerudia kutia sahihi kwa dole gumba. Mimi naandika. Nilikuwa wa kwanza darasani.

Alhamisi, 16 Juni

Mzee Salimu kamleta Festo nyumbani. Kwenye lori, juu ya magunia. Kafa.

Majambazi walimchoma kisu Makambako jana alfajiri, pale malori yanapolala, karibu na reli. Walitaka redio ya lori. Mzee Salimu alikuwa kaenda msikitini kusali. Aliporudi alimkuta kwenye gurudumu, kimya, kafunikwa turubai. Hakuona mtu. Polisi wameuliza, kila mtu anasema hakuona.

Mzee Salimu analia kuliko mimi. Mimi sijalia. Nimeshika miguu tulipomshusha. Mzito.

Ijumaa, 17 Juni

Tumezika. Mwinjilisti kasoma. Nimechimba mwenyewe, vijana walitaka kuninyang'anya jembe nikakataa. Kaburi zuri, pembe zake sawasawa. Hakuna kaburi lililonyooka hivyo hapa Kifanya.

Jioni nimekula ugali wote. Sikuona ladha.

Jumapili, 19 Juni

Watu wengi. Mama Festo yuko kwenye mkeka, kajifunika blanketi. Kila anayeingia, yeye anamwuliza jambo moja tu. "Wewe ulikuwa naye?" Mtu anasema hapana, pole mama. Anamwacha, anamwangalia mwingine.

Ni desturi ya ukoo wetu. Mtu akifa, aliyekuwa naye mwisho anakuja siku ya kuanua matanga. Anasimama mbele ya watu, anasema marehemu alisema nini, au hakusema kitu. Kisha ananawa, anakula na wafiwa, mkeka unakunjwa. Baba yangu alipokufa nilisimama mimi. Nilisema vizuri, watu wanakumbuka mpaka leo. Mama mkwe wangu alifia hospitali Lugarawa, akaja mfagiaji wa wodi. Alitembea na kulala njiani. Alikuja.

Wa Festo hayupo.

Jumatano, 22 Juni

Mgaya kaleta gazeti kutoka Njombe mjini. Yale magazeti mapya, ya rangi nyekundu. Zamani gazeti lilikuwa la serikali, picha ya waziri anapanda mti. Sasa kila wiki maiti.

Wiki hii maiti ni Festo. Ukurasa wa mbele wote. Kalalia gurudumu, shati limefunguka, tumbo linaonekana lote. Maneno makubwa juu. Nimeyasoma silabi kwa silabi mbele ya watu. UTINGO ACHINJWA KAMA KUKU. Chini jina lake, jina langu, Kifanya. Hawakukosea jina langu.

Nitasema kweli maana hapa nasema peke yangu. Kwanza niliona fahari. Ukoo wetu haujawahi kuandikwa. Kisha fahari ikaondoka, haikuja kitu kingine mahali pake.

Mgaya anasema Njombe gazeti limekwisha lote. Sokoni wanagombania. Mtu mmoja alinunua mawili.

Alhamisi, 23 Juni

Wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema matanga yaanuliwe Jumamosi ya wiki ijayo, watu wana mashamba. Mama Festo kasema hapana. Haondoki kwenye mkeka mpaka aje aliyekuwa na mtoto wake. Shemeji yake kamwambia, "Mama, huyo hayupo. Kafa peke yake." Kasema, "Basi na mimi nitakaa peke yangu."

Hali chakula. Uji anaonja, anarudisha kikombe. Usiku anakohoa. Sakafu ni baridi. Kikohozi kimepiga kambi kifuani mwake. Nimeona watu wakienda hivyo, taratibu, bila ugonjwa wenye jina.

Nimemwambia ainuke. Kavuta blanketi. Mimi ni mbishi lakini kwake sifui dafu.

Ijumaa, 24 Juni

Asubuhi nimekwenda nyuma ya nyumba na gazeti. Sikutaka alione. Nimeliangalia muda mrefu. Mdomoni pa Festo kuna weupe. Kama pamba imechanwa, inapanda kuelekea shavuni.

Nimemwonyesha Mgaya. Kasema ni wino mbaya, magazeti haya yanachapwa haraka haraka. Alipokuwa anasema, mvuke ulimtoka kinywani. Baridi ya asubuhi. Nikaangalia mvuke wake, nikaangalia gazeti.

Nikamwambia, "Sema tena." Kasema, "Niseme nini?" Nikamwambia basi.

Maiti haitoi mvuke.

Picha ilipigwa Festo anapumua. Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Alikuwa na mtu.

Sikusikia hasira. Nilisikia kama nimepewa kazi.

Jumapili, 26 Juni

Kaja mwandishi wa gazeti, kutoka Dar, na gari. Kijana, kavaa miwani myeusi. Nimevaa koti langu la ibada, nimesimama wima. Nimemweleza mimi ni nani, miti niliyopasua, kanisa lipi mbao zake ni zangu. Hakuandika hata neno moja. Kasema, "Mzee, tunataka mama. Ashike nguo yenye damu. Alie kidogo." Nikamwambia nguo tumezika. Kasema nguo yoyote itafaa, itaongezwa rangi.

Nimemwambia mama hapigwi picha. Kasema wasomaji wanaililia habari hii, toleo lile lilichapwa mara mbili. Alisema kama ananipa pongezi ya harusi.

Nikamwuliza picha ile alipiga nani. Kasema ni Kastori, mwenye studio Makambako, pale njia panda. "Yule ni hatari, mzee. Anafika kabla ya nzi."

Nimemtengenezea chai. Amekunywa, ameondoka. Hakujua amenipa nini.

Jumanne, 28 Juni

Makambako. Nimepanda lori la Mzee Salimu. Vumbi, upepo, watu wa kila kabila wanauza kila kitu. Mitumba imelundikwa mpaka barabarani. Kuna kibanda cha video, nje ubao umeandikwa LEO DAMU TUPU. Foleni.

Studio ya Kastori ina pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Watu wanasimama hapo, wanaonekana wako mahali pazuri. Kastori ni mtu wa makamo, mwembamba, anaongea polepole. Akanikaribisha. "Picha ya kitambulisho, mzee?" Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia mimi ni baba yake Festo.

Kanipa pole. Kasema alimkuta amekwisha kata roho.

Nikaomba nione picha yenyewe, si ya gazeti. Alisita, akaitoa kwenye bahasha. Kwenye picha halisi mvuke ni mvuke. Hata mtoto mdogo hawezi kukosea. Na macho yanamwangalia mpigaji.

Nikamwambia, "Huyu anapumua."

"Ni ukungu ule, mzee. Alfajiri ile ukungu ulikuwa mwingi."

"Ukungu gani unatoka mdomoni mwa mtu mmoja?"

Akairudisha picha kwenye bahasha. Nikamwambia sikuleta polisi. Nataka aje Kifanya Jumamosi asimame, aseme. Kasema hawezi. Wakijua watamchoma moto na studio yake. Nikamwambia atakayemgusa atapita juu yangu, na mimi sipitiki kirahisi. Kasema hapana.

Sikuondoka kitini. Wateja wakaja. Mwanafunzi, kisha bwana na bibi harusi. Kastori akawaambia, "Njooni kesho." Nilikaa mpaka alipofunga. Nimelala kwa Mzee Salimu.

Jumatano, 29 Juni

Nimefika kabla hajafungua. Nimekaa kiti kilekile. Kastori kasema, "Mzee, unaniharibia biashara." Nikamwambia najua. Nimezoea kusimama juu ya gogo kutwa, kukaa kwenye kiti chenye mto ni mapumziko.

Mchana kaleta wali, sahani mbili. Tumekula. Kisha kasema akiangalia sahani. "Polisi hawakuniuliza. Gazeti halikuniuliza. Lilitaka kujua tu kama nina nyingine ya karibu zaidi."

Kauliza kama mama yake Festo yupo hai. Nikasema kwa sasa.

Kasema atakuja. Nikamwambia kamera aiache.

Alhamisi, 30 Juni

Nimerudi. Nimemwambia Mama Festo aliyekuwa naye kapatikana. Hakuuliza ni nani. Alikunywa uji nusu kikombe.

Nimemwambia Mgaya peke yake kuwa ni yule mpiga picha. Kasema nina kichaa, kumkaribisha chakula mtu yule. Watu watamtoa roho. Nikamwambia ashike upande wa mlango, mimi nitashika wa ndani. Kasema, "Na panga?" Nikasema bila panga. Kanisonya. Lakini atakuja, huwa anakuja.

Jumamosi, 2 Julai

Matanga yameanuliwa. Naandika ilivyokuwa.

Kastori alishuka kwenye lori la Mzee Salimu. Mikono yake haikujua pa kukaa. Mara mfukoni, mara mgongoni. Watu walijaa uani, wengine juu ya ukuta wa bustani. Nikatangaza huyu ndiye aliyekuwa na Festo mwisho. Nikasema ni mgeni wangu na nyumba ni yangu. Walijua sauti hiyo.

Akasimama. Akasema jina lake. Akasema, "Mimi ndiye niliyepiga ile picha."

Minong'ono. Mtu mmoja akapiga hatua. Mgaya akamshika bega, akamkalisha kama mtoto. Mama Festo alinyanyua mkono chini ya blanketi, uani pakawa kimya.

Kastori akasema alisikia kelele akatoka na kamera, maana siku hizi hutoka na kamera. Majambazi walikuwa wamekimbia. Festo alikuwa kwenye gurudumu. Alimwita kaka. "Alisema, kaka, nasikia baridi. Nifunike. Turubai lilikuwa pale pale mkononi pake, hakuweza kulivuta. Nikamwambia ngoja kidogo."

Nikadhani amemaliza. Mama Festo kamwuliza, "Ngoja nini?"

"Ngoja nipige, mama. Gazeti halinunui mtu aliyefunikwa."

Nilisikia mbuzi wa jirani. Nilisikia Mzee Salimu anasema Allah, Allah, chini chini.

Mama Festo kauliza, "Akasema tena?"

"Alisema mara ya pili. Nifunike kaka. Nilikuwa nageuza kamera ili damu iingie yote. Nilipomaliza nikavuta turubai. Alikuwa keshakwenda."

"Hakuniita?"

"Hakukuita, mama. Hayo tu ndiyo aliyosema. Sitakudanganya."

Angeweza kumdanganya. Wengi hudanganya siku hiyo, hata mimi kwa baba yangu niliongeza maneno mazuri. Huyu hakuongeza.

Mama Festo akasema kwa Kibena, mtoto alisema maneno ya mtu mwenye akili. Alitaka joto. Alijua anataka nini. Akaweka mkono chini, akainuka. Shemeji yake akataka kumshika, yeye akamsukuma. Alikunja mkeka mwenyewe.

Desturi inasema aliyesema ananawishwa. Watu wote walinitazama mimi. Nilichukua birika. Nilimwaga maji juu ya mikono ile. Vidole virefu, kucha za manjano kwa dawa za picha. Nilitaka kuona kama nitasikia kitu. Hasira, huruma, chochote. Maji yalikuwa ya moto kidogo. Hayo ndiyo niliyosikia.

Walikula sahani moja, yeye na Mama Festo. Mama alikula matonge matatu au manne. Kastori aliviringa tonge moja tu. Mama kamwambia, "Kula. Safari ni ndefu."

Mgaya na mimi tulimsindikiza mpaka kwenye lori. Hakuna aliyemgusa. Mzee mmoja alitema mate, lakini pembeni.

Jumapili, 3 Julai

Sikwenda kanisani. Nimelala mchana. Sijawahi kulala mchana.

Alhamisi, 7 Julai

Tumeanza gogo jipya. Mgaya chini, mimi juu.

Mchana nilikwenda Njombe kununua chumvi na mafuta ya taa. Muuza magazeti kanijua, kaniita. "Mzee, toleo jipya, la wiki hii kali zaidi." Maiti ya mtu mwingine, mwanamke, mahali pengine. Nimeshika gazeti. Nimesoma jina lake silabi kwa silabi, na jina la kijiji chake. Nimemrudishia. Nikanunua chumvi.

Mama Festo alikuwa jikoni anamenya viazi. Kikohozi bado kipo lakini kimelegea. Kapokea chumvi, kaionja kwa kidole kama kawaida yake, kaniuliza mjini kuna habari gani.

Nikamwambia hakuna.