Yule Niliyemdhania Nyoka

Mjukuu wangu Saumu,

Marahaba. Shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike, na hapa Miteja ufuta tumeshavuna, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama nimewahi kumwona huyo mnyama wa udongoni asiye na miguu, mnayemchunguza huko milima ya Usambara. Nimemwona. Nilimuua.

Nilikuwa binti, nikilima magimbi na mama yangu bondeni kule milima ya Matumbi, mwaka wa njaa ambao sitausimulia. Jembe langu likafukua kitu kimejikunja, nikakikata vipande viwili. Kwetu nyoka akishakatwa hupondwa kichwa, akafukiwa, asije mtu akamkanyaga. Nilipoinama nimponde, nikaona hana magamba. Ngozi yake imelowa kama ya chura, tena imepauka, na vitoto vimemng'ang'ania ubavuni. Nikainua jembe tena. Mama akaudaka mpini.

"Waache, mwanangu. Huyo si nyoka, na hao wanakula."

"Wanakula nini?"

Mama akawafunika kwa udongo wenye majimaji, akaendelea kulima.

Sasa wewe umeniandikia kwamba vitoto vile hula ngozi ya mama yao, nayo huota tena. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, kisha nikaikunja barua.

Mwaka ule, kila jioni, mama alinipakulia ugali wote uliokuwapo, akisema yeye ameshakula. Nami nilikuwa nikimwamini.

Bibi yako,
Somoe