Pono Wawili wa Rangi ya Chungwa

Kwa dada yangu Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Natumai hamjambo nyote, na kile kifua cha mwanao wa mwisho kimetulia. Huku tupo. Ningependa kuandika kwamba mimi ni mzima wa afya, kama barua zinavyotaka, lakini nimechoka, dada. Nimechoka mpaka viatu vyangu vimechoka. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu utaiona humu ndani, na nakuomba usiruke hata mstari mmoja, maana nakujua wewe, husoma mwisho kwanza.

Kazini bado niko palepale, duka la samaki wa mapambo, upande wa maji ya chumvi. Mikono imechubuka, na nywele zilikuwa zinakatikakatika kwa hayo maji, basi nikazinyoa, sasa ni fupi kama zako. Usicheke. Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwatambua pono. Siyo wale wa kukaanga. Hawa ni pono wadogo wa kwenye matumbawe, wa kila rangi, wanaofugwa kwenye matangi ya vioo. Wanaletwa ndani ya mifuko ya plastiki, kila mfuko umeandikwa jina, na nusu ya majina hayo ni uongo mtupu. Wenyewe nao wana vituko: akiwa mtoto ana rangi hii, akikua ana nyingine kabisa, na kuna majike wanaogeuka madume na kubadilisha nguo zote. Ukimtia kwenye tangi jipya anajizika mchangani, mteja anapiga simu karibu kulia kwamba samaki wake amekufa. Namwambia avute subira, amelala tu.

Miezi michache iliyopita daktari mmoja wa meno alinunua kwetu pono mtoto, kwa ajili ya tangi lililopo pale wagonjwa wake wanaposubiri kung'olewa. Baada ya muda akarudi na picha kwenye simu, uso umemshuka, anasema samaki anaumuka kama unga uliotiwa hamira na anapindua kila jiwe. Nikaitazama ile picha. Kuna pono wawili ambao utotoni utaapa ni ndugu wa tumbo moja: wote wana rangi ya chungwa, wote wana mabaka meupe yenye ukingo mweusi. Lakini mmoja mabaka yake yanaishia juu mgongoni, na mwingine yanashuka mpaka ubavuni, tena ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni. Wa daktari alikuwa na doa. Huyo akikua anafika urefu wa mkono wa mtu, na lile tangi ni dogo kuliko beseni letu la kufulia. Bosi akanivuta pembeni, akaniambia nimwambie mteja kwamba ni yule mwingine, asiyekua sana, mambo yaishe. Nikamjibu kwamba doa ni doa, na jina la samaki si kitu cha kupatana. Akaniuliza kama nilizaliwa baharini. Nikarudi kwa daktari nikamwambia ukweli, samaki tukamrudisha kwenye tangi kubwa la dukani, na bosi akaninunia wiki nzima. Sikujali hata kidogo.

Nakueleza haya ili ujue kwamba kazini siogopi kusema huyu ni nani. Sasa nije kwa Mama.

Ulipoondoka baada ya yeye kutoka hospitali, kiharusi kilikuwa kimemfifisha macho, lakini alikuwa bado ananitambua. Na alinisumbua, we acha tu. Uji nikileta ni wa moto, nikiupoza ni wa baridi. Dawa alizificha chini ya ulimi akazitema kwenye leso. Alisema namfokea, alisema nina mikono ya fundi gereji. Akakonda mpaka bangili ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Nesi anayepita nyumbani akaniita nje akasema asipoanza kula, tutampoteza.

Halafu siku ile niliyonyoa nywele, niliinama kumwekea mto sawa. Akanishika kichwa, akapapasa, akasema kumbe Mkubwa umekuja. Alicheka, dada. Nilikuwa nimesahau Mama anavyocheka. Sauti zetu unazijua, hata Baba alikuwa akizichanganya. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba ni mimi, Kidogo, na yeye akaniwahi, akaomba chakula. Akala akamaliza sahani. Dawa akameza zote bila ubishi wowote.

Basi siri yangu ndiyo hiyo: tangu siku hiyo mimi ni wewe. Asubuhi kabla sijaenda dukani ni wewe unayemwogesha, jioni ni wewe unayemlisha. Jirani akija kumjulia hali, Mama anajivuna kwamba Mkubwa wake ameacha mume na watoto akaja kumtunza, mtoto ndiye huyo. Jirani ananitazama, mimi natazama sakafu. Ndiyo maana sikupigii. Nyumba yenyewe unaijua, ukikohoa jikoni anasikia chumbani, na mimi siwezi kukuita Mkubwa naye yuko pale.

Nakuonea wivu, dada, naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyo. Kila jioni ananiuliza Kidogo yuko wapi, mbona haji hata kumchungulia, na yeye anaishi mji huuhuu. Nilimwambia kazi zimembana. Akasema ama kweli, samaki wamekuwa bora kuliko mama. Nikaenda jikoni nikalia kwenye taulo la vyombo, nikanawa uso, nikarudi kumkata kucha.

Juzi akanishika mkono akaniambia anao ujumbe wa kumpelekea Kidogo. Nimwambie kwamba amemsamehe. Kwamba hana kinyongo naye, kila mtoto na moyo wake, na siku yoyote atakayoamua kuja mlango uko wazi. Akataka niahidi kwamba nitaufikisha. Nikaahidi. Kwa hiyo ujumbe umenifika. Nimesamehewa kwa kutokuja mahali ambapo sijawahi kutoka.

Njoo, dada. Anakula, lakini nesi anasema nguvu zinamwishia hivyohivyo. Sikuiti uje kunipumzisha, ingawa ningepumzika. Ila ukifika, Mkubwa tayari yupo, wa pili atamchanganya. Wewe kaa kitandani pake, mshike mkono, na akikuuliza wewe ni nani, sema wewe ni Kidogo. Mimi nitasimama mlangoni. Nataka nisikie atakavyonipokea.

Msalimie shemeji, wabusu watoto wote, na huyo wa kifua mfunike vizuri. Mama hakutumii salamu. Yeye anajua uko hapa.

Ni mimi, pacha wako,
Kidogo