Sikio la Kushoto la Athumani

Dada Mwanaisha,

Leo Ijumaa, alasiri, bweni letu la wauguzi limetulia kwa kuwa wenzangu wote wamekwenda kufua. Mimi nimekaa kitandani na kalamu, namwandikia barua mtu ambaye alipokuwa hai hakujua kusoma hata herufi moja. Mwenzangu wa kitanda cha pili akirudi akaniuliza, nitamwambia naandika ripoti, maana nikimweleza ukweli atanipeleka kwa Sista nikapimwe homa. Lakini nina habari, na habari hii haina mwenyewe ila wewe. Mwanao ameingia shule.

Najua, nimeanzia mwisho. Wewe hukupenda kuzungushwa. Nilikuwa nikirudi kutoka dukani na umbea wangu, unaniambia: "Sema kwanza, Zuhura, kisha ndiyo upambe." Basi nimesema. Sasa niache nipambe.

Mama hajambo. Mguu unamsumbua masika yakiingia, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Athumani yuko naye Mtunda tangu ulipotuacha, na mumeo, Shemeji Seifu, bado anakata boriti kule visiwani. Anakuja na kapu la samaki wa ng'onda kila anapopata chombo, anamtazama mwanawe, anakaa kidogo, anarudi kwenye mikoko yake. Hajaoa. Mama anamtafutia mchumba kwa bidii kuliko alivyokutafutia wewe mume, na wote anaowaona anasema hawajui kupika.

Huku kwetu Dar es Salaam mwaka huu tumeingia somo la makuzi ya mtoto. Ungelipenda. Sista anayetufundisha ni Mwingereza mwenye miguu mirefu, hafundishi akiwa amesimama mahali pamoja, na Kiswahili chake ni kichache lakini hakipotezi mtu. Neno lake kubwa ni hili: "Tazama mtoto, kisha tazama kitabu." Ametueleza kwamba mwili wa mtoto hukua ukianzia kichwani kushuka miguuni, na ukitoka kifuani kwenda vidoleni. Ndiyo maana hukaza shingo kabla ya kukaa, hukaa kabla ya kusimama, na hukamata kitu kwa kiganja kizima kabla hajaweza kukiokota kwa kidole na gumba. Nilipokuwa naandika hayo nilikuona wewe pale barazani kwa Mama, umemwekea Athumani punje za mchele mkekani, anazifukuza kwa kiganja na zote zinamkimbia. Siku alipookota moja kwa vidole viwili ulipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Yuko mtaalamu mmoja wa Ulaya anayesema kazi ya kwanza ya mtoto mchanga ni kuamua kama dunia hii inaaminika. Anaamua kwa kumtazama anayemlea: nikilia, je, anakuja mtu? Hapo niliacha kuandika, nikajifanya nachonga penseli. Kwa sababu wewe ulikuwa unakwenda, dada. Mikono ina unga, unakwenda. Uko katikati ya swala, unaimaliza mbiombio, unakwenda. Ile homa ilipokuchukua kule kwa mumeo Mbwera, visiwani, alikuwa bado hajaweza kupanga maneno, na mimi kwa muda mrefu nililia nikisema umemwacha mapema mno. Siku ile darasani nilipata raha ambayo sikuitegemea. Kazi yake ya kwanza alishaimaliza mikononi mwako. Mpaka leo analala kwa mtu yeyote anayemfungulia mlango, na akiamka hashtuki.

Likizo ilipofika, Sista alitupa kazi: kila mwanafunzi achague mtoto mmoja wa kwao, amtazame, aandike alichokiona. Sikuhitaji kuchagua. Nilipanda lori la mizigo hadi Kibiti, nikatembea mpaka Mtunda na mzigo kichwani, nikamkuta mwanao ananing'inia kwenye tawi la mkorosho huku Mama amekaa chini yake anachambua mchicha.

Nilidhani ni mchezo. Kumbe ni dawa. Siku za kuandikisha watoto zilikuwa zimekaribia, na shule ya Kibiti bado inapima vilevile kama zamani zako: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Ukilishika, umefika umri wa kusoma. Usipolishika, rudi nyumbani ukue. Mama aliona mkono wa Athumani ni mfupi, akaamua kuurefusha. Kila asubuhi ananing'inizwa, kisha anapakwa mafuta ya nazi kuanzia begani hadi kidoleni, halafu anavutwa. Na alikuwa keshamnyoa upara, kwa hesabu zake mwenyewe kwamba nywele nazo zinakula nafasi.

Nilicheka mpaka nikaketi mchangani. Halafu sikucheka tena, maana nilimwita ndani nikamwambia ajaribu mbele yangu. Mkono ukapanda, ukavuka utosi, ukashuka, ukakoma. Ulikosa sikio kwa upana wa kidole.

Ule ule wako, dada. Baba alikupeleka umevaa kanga mpya, ukakosa kwa upana wa kidole, na shule ile huchukua darasa la kwanza mwaka mmoja na kuruka mmoja. Zamu iliyofuata mkono ulifika, lakini ulikuwa tayari unatwanga, unapika, unabeba wadogo zako, na Mama hakuweza tena kukuachia. Baba akaona haya, akanipeleka mimi badala yako, mimi mwenye mikono ya tumbili kama ulivyoniita, nikalishika sikio bila hata kunyoosha bega. Kichwa kikubwa ni cha ukoo wa Baba na wewe ndiye uliyekirithi. Kofia tunayovaa sisi wanafunzi wa uuguzi isingekutosha hata ukiifunga kwa kamba. Na sasa anacho mwanao.

Shemeji naye alikuwa amesema neno lake, na siwezi kumlaumu. Akikataliwa mara hii, atamchukua kisiwani akae naye kambini, ajifunze kazi ya mikoko, kuliko kumwacha kwa mama mkwe miaka mingine akila na kuning'inia. Ningemjibu nini? Mimi nilikuwa na neno lako tu, ulilonishika nalo mkono ukiwa kitandani na homa ile: "Wangu asome, Zuhura. Hata kwa kichwa hiki." Wewe ulicheka uliposema. Mimi ndiye niliyelia.

Basi nikaitoa elimu yangu ya darasani. Nilimpa uji kwenye bakuli pana, nikamimina uji ule ule kwenye kikombe kirefu, nikamuuliza wapi uko mwingi. Mtaalamu mwingine anasema mtoto mdogo hudanganywa na urefu wa chombo, na akikua akili ndipo hujua kwamba uji haukuongezeka. Athumani alitazama, akaonyesha kikombe. Kisha akachukua bakuli, kwa kuwa ndilo lenye kijiko. Sijui mtaalamu angemweka wapi. Nilimpa na kikombe pia.

Na jambo jingine nililiona: hakuwa anasema. Mtoto wako, ambaye tangu ajue kusema hakomi, alikuwa anaitikia kwa kichwa, anacheka kwa kuziba mdomo. Niliogopa kidogo kama muuguzi. Mama akaniambia achana naye, watoto wa jirani wamemwita kibogoyo. Alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele, ya chini, na amekata shauri kwamba hakuna mtu atakayeyaona mapengo yake mpaka kiyama. Hapo nikafurahi peke yangu, bila kumweleza mtu. Maana Sista alitufundisha meno ya utoto huanza kung'oka mtoto anapofikia umri ule ule wa shule, awe na mkono mrefu au mfupi.

Asubuhi ya kuandikisha tulikwenda sote, Mama, Shemeji, mimi na sare yangu nyeupe niliyoipiga pasi kwa makusudi. Watoto walikuwa wengi na mwalimu mkuu, mzee wa makamo mwenye miwani, alikuwa amewashika wajanja wote. Anayeinamisha kichwa anamshika kidevu. Anayepandisha bega anamgonga bega. Zamu ya Athumani ilipofika nilisoma kila dua niliyoijua. Mkono ukapanda, upara uking'aa kwa mafuta ya Mama, ukavuka, ukashuka, ukakoma palepale. Mwalimu akasema kwa upole, "Huyu bado, wazazi. Mwacheni akue."

Nilisogea. Nilimwamkia kwa adabu zote, nikamweleza kwamba kichwa cha binadamu hutangulia kukua na mikono hufuata nyuma, na kwamba katika ukoo wetu kichwa hutangulia zaidi. Nikamwambia mtoto alizaliwa mwaka wa mafuriko, maji yalipofika kizingitini. Akanisikiliza, kisha akavua miwani akaifuta. Alisema yeye amekaa Rufiji muda mrefu, na bado hajaletewa mtoto ambaye hakuzaliwa mwaka wa mafuriko. Watu wote wakacheka, hata Mama, na mimi nikacheka. Nikamwomba basi atazame meno, maana kitabu changu kinasema hayo hayadanganyi umri.

Athumani akafunga mdomo. Nikambembeleza, hapana. Shemeji akamwambia fungua, akakaza zaidi, machozi yakamlenga. Nikaona inapotea, dada. Mlango uko wazi na mtoto mwenyewe ameufunga kwa midomo yake miwili.

Ni mwalimu aliyetuokoa. Alichuchumaa mpaka wakawa sawa kwa urefu, hakumwambia fungua. Alimuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Jino lako umelitupa paa la nani?"

Nikwambie? Hakuna mtoto wa kwetu awezaye kulijibu hilo kwa kichwa. Athumani alipigana nalo kidogo, kisha likamshinda. Alisema la kwanza alilitupa paa la Bibi lakini likateleza kwenye makuti, jogoo akaja akaliona akadhani punje ya hindi, akalimeza, na yeye akamfukuza jogoo mpaka kwenye mihogo ya jirani akimwambia lirudishe, na jogoo hakulirudisha, na ndiyo maana la pili alilitupa paa la msikiti kwa kuwa huko hakuna jogoo. Yote hayo kwa pumzi moja, mdomo wazi mpaka kooni. Na pale kwenye pengo la kwanza mwalimu akaliona jino jipya, limechomoza nusu, makali yake yana vijino kama vya msumeno, nalo ni jino la ukubwani.

Mwalimu hakucheka. Alimsikiliza hadi mwisho, akasimama akishika kiuno, akaandika jina. Alisema, "Mwenye kujua kusimulia hivi nikimrudisha nyumbani nitaulizwa na Mungu." Kisha akanigeukia mimi akaniambia kitabu changu si kibaya.

Mama alikaa chini akalia hapohapo, na katikati ya kilio akawa anamwambia mama mwenziwe kwamba ni mafuta ya nazi. Shemeji alishika njia ya dukani. Alirudi na kaptura ya shule, imemzidi ukubwa mtoto, akasema ataijaza. Usiku ule Shemeji alikula vizuri, nami sikumbuki kumwona akila vile tangu enzi zako.

Niliporudi huku nilisoma ripoti yangu mbele ya darasa. Sista aliacha kutembea. Aliniuliza habari ya sikio mara ya pili, akapitisha mkono wake mrefu juu ya kichwa chake, na darasa zima la wauguzi likamfuata, kofia zikaanguka. Aliandika pembeni mwa kazi yangu kwamba mtoto hana mlango mmoja wa kupimiwa. Kuna mwili, kuna meno, kuna ulimi, kuna mchezo wake na hofu yake, na havifiki pamoja. Nimelishika hilo. Nikipelekwa wodi ya watoto ndilo nitakaloanza nalo.

Nina raha, Mwanaisha. Nilitaka ujue hivyo waziwazi. Nakukumbuka ninapofunga kofia, ninapokula ng'onda, na kila mtu anaponiambia nifupishe maneno. Nakupenda na umenikosesha mtu wa kumpambia habari. Lakini nina raha.

Nilikuwa nimekusudia nije Mbwera, kaburini kwako, nikusomee barua hii mimi mwenyewe. Sasa nimebadili nia. Kesho nitainakili upya, kwa herufi kubwa zilizoachana, niiweke ndani ya sanduku langu. Athumani akiweza kusoma, nitavuka naye, asimame upande wa kichwani kwako, akusomee yeye. Ahadi ndiyo hiyo. Akikwama neno mvumilie, nitakuwa nyuma yake na sitamsaidia upesi. Lala kwa amani, dada yangu, na Mola akupe nafasi kubwa ya kichwa chako.

Mdogo wako,
Zuhura

Na wewe Athumani, ukifika hapa, umemaliza. Meza mate. Mwambie mama yako ni wewe uliyesoma.