Udongo Kwenye Shina la Mtufaha

Baba,

Ni mimi niliyeuharibu mtufaha wako. Sijamwambia mtu, hata mama.

Mafundi walipomaliza kulijengea kaburi lako kwa saruji, udongo ulibaki. Mama akaniambia nikaumwage korongoni. Nilijaza ndoo ya kwanza, nikafika ukingoni, nikashindwa. Ulikuwa udongo uliokufunika wewe. Nikaupeleka bustanini, ndoo baada ya ndoo, nikaupandisha kwenye shina la mtufaha kama tunavyopandishia viazi. Siku ulipouleta mti huo kutoka Uyole ulisema, "Mti huu ni mfupi kwa sababu umebebeshwa, umeungwa kwenye shina la mti mwingine mfupi. Hiki kifundo walipoungwa kisifunikwe. Kikifunikwa, sehemu ya juu itatoa mizizi yake yenyewe, na mti utarefuka." Nilikumbuka, baba. Nikafunika.

Mvua tatu zimepita. Nilikuwa bweni, na kila likizo niliukuta umepanda. Sasa umepita bati, matawi yanasuguana, jikoni giza mchana. Matunda hakuna. Baba mdogo alikuja kutoka Igawa, akasema, "Shemeji, kaka alituachia mti wa kuchuma mtu ukiwa umekaa kwenye kigoda. Huu mmeulisha nini?" Wote wakacheka. Mimi nikajifanya nakoroga uji. Mama alisema usipotoa maua mwaka huu anaung'oa, ajenge banda la kuku.

Nimemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, nipo nyumbani. Jumamosi mama alipokwenda kwaya, nikachukua msumeno wako.

Nilianza kufukua kwa mikono. Kifundo kilikuwa chini kabisa, na juu yake imetoka mizizi minene kama kidole gumba. Nikaikata yote. Kila mmoja ulipokatika nilisema samahani, sijui nilimwambia nani.

Kisha matawi. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha mbali? "Rudi nyuma, angalia kwanza." Halafu unaniacha nichague. Nikishika tawi lisilofaa hukunikataza, ulikohoa tu. Hata kikohozi kilipokuwa cha kweli, mimi bado niliangalia mkono wangu nione nimeshika nini.

Nilikata makavu, nikakata yanayosuguana, nikakata lile refu la katikati. Kila nikishika tawi nilisubiri kwanza. Kimya. Nikakaa chini nikalia, msumeno mapajani.

Sikuyamaliza. Mengine ni ya mwakani, ulivyonifundisha. Mti ulianza kuyumba, nikaufunga kwenye nguzo. Udongo nimeutandaza kwenye tuta la figiri.

Mama aliporudi aliuzunguka mara mbili. "Utazaa?" Nikasema utazaa. Nilisema kwa sauti, mpaka akageuka kunitazama. Lakini baba, sijui. Nimekata mizizi mingi. Labda hata kuishi hautaishi.

Kwaheri, baba. Nitaumwagilia kila asubuhi, na mwakani nitarudi na msumeno, popote nitakapokuwa nasoma. Mama huja kwako Jumapili baada ya ibada, najua huwa anakuuliza mambo. Akikuuliza habari za mti, nyamaza tu. Usimwambie nilichofanya. Usimwambie kwamba sijui.

Mwanao,
Atu