Bei Niliyoibandika kwenye Friji

Muna, niko hospitalini Thika na mama. Amelazwa. Sukari imepanda mno.

Daktari amegundua kwamba tangu Januari amekuwa akijidunga nusu tu ya dozi yake ya insulini. Nusu, Muna.

Unaikumbuka ratiba niliyoibandika kwenye friji kule nyumbani Gitothua? Kando ya kila sindano niliandika bei, ili tupange matumizi vizuri.

Nilimuuliza kwa nini alifanya hivyo. "Mwalimu," akasema, akiniita kama kawaida yake, "si wewe uliandika? Kila asubuhi nasoma vile nakugharimu."

Nusu ya dozi. Na mwandiko ni wangu.

Kisha akanishika mkono. "Mwezi ujao usinunue. Nimekuwekea chupa mbili za dawa huko nyumbani kwa friji, nyuma ya maziwa."